Bitana ya Gata

Wifi yangu hapendi kitu chochote kionyeshe kilivyofungwa. Ni fundi cherehani, na wateja wamembandika jina la Mama Pindo kwa sababu pindo lake hulipati hata ukigeuza vazi nje ndani na kuliinulia juani. Sketi inaanguka chini imenyooka, mahali ilipokunjwa hapaonekani, utadhani ilizaliwa hivyo. Husema, midomo imebana pini, "Kazi inayoonyesha uzi ni sawa na mtu aliyetoka barabarani na nguo ya ndani." Mteja akimsifu kwamba mshono wake ni mzuri, ananuna siku nzima. Mshono umeonekana, basi ameshindwa.

Mume wake ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anafundisha udereva. Kazi yake ni kukaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya pili, akimsubiri mwanafunzi akosee, na nyumbani ni vivyo hivyo. Ukimkaribisha chai anauliza kwanza ni ya moto kiasi gani. Wote tunamwita Mwalimu, hata mkewe. Sijui ni nani aliyefikiria kumfunga mtu wa breki na mtu wa mafuta katika ndoa moja, lakini tangu siku ile mimi, dada mkubwa, nimekuwa klachi: kila wakitaka kubadilisha gia nakanyagwa mimi.

Nakanyagika bila taabu, maana biashara yangu ni ya kukanyagana. Nauza vifaa vya ujenzi vilivyotumika: milango, madirisha, mabati, masinki. Nanunua kwa anayebomoa, nauza kwa anayejenga, na hapo katikati nakula. Nimeona nyumba nyingi zikivuliwa nguo zote, kwa hiyo mtu akiniambia nyumba fulani ni nzuri, namuuliza inavuja wapi.

Sasa hawa wawili walikuwa wanajenga. Kiwanja kidogo kando ya barabara ya vumbi, chumba cha mbele kikubwa cha kushonea, chenye mlango wake wa wateja, na vyumba vya kulala kwa nyuma. Kuta zilipanda bila ugomvi. Milango niliwauzia mimi, madirisha niliwauzia mimi, tukapigana bei kama watu wasiojuana, tukala pamoja jioni. Mpaka ilipofika zamu ya paa.

Mama Pindo alitaka paa la kuficha. Siku hizi ndio mtindo. Bati linalazwa kwa mteremko mdogo, halafu kuta zinapandishwa kulizunguka mpaka linazama. Gata ya kupokea maji ya mvua nayo inakaa huko huko ndani, nyuma ya ukuta, hakuna anayeiona. Ukisimama barabarani unaona sanduku safi, kona zake zimenyooka, kana kwamba nyumba haijawahi kusikia habari za mvua.

"Wifi, tazama!" Alikuja dukani kwangu mbio, simu mkononi, futi kamba shingoni, kiatu kimoja hakijafungwa. "Tazama huu ukuta. Maji yanaingia wapi? Huoni! Yanatoka wapi? Huoni! Hili ni pindo, wifi. Hili ni pindo la nyumba!"

Mwalimu alikuwa nyuma yake, anakuja taratibu, anaangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka veranda.

"Na gata ikiziba?" akauliza.

"Kwa nini izibe?"

"Kwa nini mtu agonge mti? Mti haujasogea, na bado anaugonga."

"Mwalimu, wewe ungekuwepo siku ya kuumbwa dunia tungekuwa bado tunasubiri taa iwe ya kijani."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anapima mlango akauacha. Lakini mdogo wangu hakucheka, na nilijua kwa nini. Chumba cha kushonea kilikuwa mbele kabisa, na gata ingepita juu yake kutoka kona hadi kona. Na Mama Pindo alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote za maisha yake: majoho ya kwaya nzima, meupe, ya kitambaa kizito kinachong'aa. Alikuwa akiyashona kwenye kile chumba chao cha kupanga, kidogo hata cherehani na kabati vilikuwa vinaombana radhi. Yalitakiwa kumalizikia kwenye nyumba mpya, na mvua zilikuwa njiani.

Katika miaka yote ya kazi hiyo, wifi yangu hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Hajachoma kwa pasi, hajamwagia chai, hajakata kombo. Ndiyo mtaji wake. Cherehani kila mtu anayo. Jina la kutoharibu analo yeye. Tone moja la maji yenye kutu, limepita kwenye bati na mbao, likianguka kwenye joho jeupe, halitoki. Na habari yake nayo haitoki. Mtaa mzima utasema: Mama Pindo kajenga nyumba ya fahari, nguo zetu zinanyeshewa.

Kwa hiyo alitaka vyote viwili, uso usio na mshono na kitambaa kikavu. Nami nilivyo, nikasema twende tukaone kabla ya kubishana. Nilikuwa na mteja wangu, muuguzi mstaafu, mwenye nyumba ya namna hiyo hiyo.

Nje ilikuwa bibi harusi. Mama Pindo alizunguka akizipapasa kuta kama anapima kitambaa. Ndani, sebuleni, kochi lilikuwa limekaa katikati ya chumba, mbali na ukuta, kama lililofukuzwa.

"Ndipo pakavu," alieleza muuguzi, akatukaribisha kwa madaha. "Hapo ulipo wewe, mwalimu, ni pakavu kwa manyunyu. Mvua ya kawaida sogea hapa. Mvua kubwa tunahamia jikoni. Dawa ndiyo hiyo, inategemea ukali wa ugonjwa."

"Inavuja tangu lini?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ya kwenda kumwona mgonjwa.

"Tangu jani la kwanza liangukie humo. Sikilizeni, wanangu. Gata ya nje ikijaa, inamwaga uani, kuku wanalowa, basi. Ya ndani ikijaa, kuku ni wewe."

Mwalimu alinigeukia, uso umejaa ushindi. Lakini mkewe hakuwepo tena. Tulimkuta juu ya ngazi ya muuguzi, kichwa kimezama nyuma ya ukuta, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Nimeona!" alipiga kelele kutoka huko. "Nimeona ugonjwa wake! Saruji tupu! Imepasuka kama kisigino! Wifi, gata hii haina bitana!"

Alishuka anang'aa. Nasema kweli, mtu alikwenda kuonyeshwa hatari akarudi amechumbiwa nayo. Njia nzima alizungumza peke yake. Koti lisilo na bitana linachakaa, si ndiyo? Suruali ya sufu isiyo na bitana inawasha, si ndiyo? Basi gata ni vazi kama mavazi mengine. Ataivalisha bitana, aishone mwenyewe, na ajitokeze huyo wa kusema inavuja.

Na hapo nikaingia mimi, kwa sababu nilikuwa na turubai la lori, zito, lisilopitisha hata pumzi. Lilikuwa limekatwa vipande virefu vyembamba. Tulivutana bei mpaka wapita njia wakasimama. Nasema wazi nisije nikasingiziwa baadaye: turubai nililomuuzia halikuwa na tundu hata moja.

Alilishona kwa muda wa siku kadhaa, majoho yamesimama. Cherehani ililia kama ng'ombe anayezaa. Sindano zilivunjika, akanunua nene zaidi. Vipande viliungwa kwa urefu, mstari katikati ya gata kutoka mwisho hadi mwisho, na kwa kuwa ni mtu asiyefanya kazi nusu, alipitisha mshono, akaurudia, kando kando, kama wa suruali ya kazi. "Mishono miwili," aliniambia, akilipigapiga lile turubai kama mgongo wa mtoto. "Mmoja ukichoka, mwingine unapokea."

Fundi bati alikuja kulipokea. Huyu jina lake mjini ni Hakuna Shida, maana hana jibu lingine. Mtu akiwa anazama, atasimama ukingoni amwambie hakuna shida.

"Fundi, umewahi kuona bitana kwenye gata?" Mwalimu alimuuliza.

"Hakuna shida."

"Sijakuuliza kama kuna shida. Nimekuuliza kama umewahi kuona."

"Tutaona sasa hivi. Hakuna shida."

Mdogo wangu akavuta pumzi, akaleta sharti, na mimi nikawa shahidi. Gata ikitandikwa, kabla ya dari kufungwa, itazibwa na kujazwa maji mpaka ukingoni. Tone likianguka chumba cha kushonea, ukuta wa kuficha unabomolewa, bati linatolewa nje kama la nyumba za watu wenye akili, na gata inaning'inia hadharani.

"Na lisipoanguka," alisema Mama Pindo, "wewe hutatamka neno 'lakini' ndani ya nyumba yangu mpaka mjukuu wetu aoe."

Wakapeana mikono. Mtoto wao mwenyewe alikuwa bado hajaoa.

Siku ya kupima jua liliwaka vizuri. Hakuna Shida alipanda juu, akaziba tundu la bomba la kushushia maji kwa furushi la matambara, akaweka mpira wa maji kwenye gata. Mwalimu aliingia ndani amevaa koti la mvua, kofia yake, na mwavuli ameufungua kabisa. Mama Pindo alimtazama juu mpaka chini.

"Umesahau mtumbwi."

"Uko kwenye gari."

Yeye akatandika kitambaa cheupe sakafuni, ukuta hadi ukuta. Alitaka ushahidi. Tone lolote lingejionyesha lenyewe, wala asingekuwepo mtu wa kubisha. Kisha tukasimama, vichwa vimeinuka, midomo wazi, kama vifaranga.

Maji yaliimba huko juu. Hakuna kilichoanguka.

"Imefika nusu!" alipiga kelele fundi.

Hakuna kilichoanguka. Mama Pindo akaanza kutikisa bega moja. Mdogo wangu akaufunga mwavuli nusu.

"Imefika robo tatu! Hakuna shida!"

Likatikisika na bega la pili. Sasa alikuwa anacheza pembeni mwa kitambaa, mikono hewani, akimzunguka mumewe na kumpepea kwa upindo wa gauni. "Iko wapi lakini? Mwalimu, iko wapi ile lakini yako? Mtafutieni! Imeanguka wapi, tumsaidie kuiokota!" Nami, sina aibu kusema, nilikuwa nampigia makofi. Hata Mwalimu alianza kutabasamu, akavua kofia.

"Imejaa!"

Tone likaanguka.

Lilianguka karibu na mlango, dogo, la kistaarabu. Kisha la pili kando yake. Kisha la tatu mbele kidogo. Halafu yakaanza kuja kwa utaratibu, tap, tap, tap, kutoka mlangoni kuelekea dirishani, mstari umenyooka kama uliopigwa rula, na kando yake mstari mwingine, sambamba, haupishani hata unywele. Kwenye kile kitambaa cheupe tuliona nukta za maji zikijipanga pea kwa pea, tundu kwa tundu, mpaka mwisho wa chumba.

Uzi ulikuwa umelowa vya kutosha, na kila mahali sindano ilipopita, maji yalipita. Alikuwa amelitoboa turubai zima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa ni mtu wa bidii, alikuwa amelitoboa mara mbili.

Mama Pindo alipiga magoti, akasogeza uso karibu na kitambaa, akafuata mistari ile kwa kidole. Mdogo wangu alinikonyeza nimshike, alidhani anazimia.

"Lakini," alisema hatimaye, polepole, "mmeona mshono ulivyonyooka?"

Neno lenyewe lilikuwa "lakini", na limetoka kinywani mwake. Mwalimu alijaribu kujizuia. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, koti la mvua likaanza kutetemeka lote. Kisha akapasuka. Alicheka akakaa chini kwenye maji, akajikuta amekaa juu ya mshono, akacheka zaidi. Mkewe alicheka akiwa bado kapiga magoti, anapigapiga sakafu kwa kiganja. Mimi nilishika fremu ya mlango niliyowauzia, nikawa najisemea ni imara, ni imara.

"Hakuna shida?" iliuliza sauti kutoka juu, safari hii na alama ya kuuliza.

"Endelea hivyo hivyo!" Mama Pindo alimjibu, machozi yanamtoka. "Bado unadarizi!"

Tulipochoka kucheka, chumba kilikuwa kimelowa na sharti lilikuwa pale pale. Mwalimu alijifuta macho. Ni mtu mpole, hakutaka kulitaja. Lakini ni mwalimu pia.

"Mke wangu, tulipeana mikono."

"Tulipeana."

Akakunja kile kitambaa kilicholowa, kona kwa kona, akakiweka kando. Nilimwona akiutazama ukuta wa mbele, ule uso wake wa sanduku, kwa namna ambayo mtu anatazama kitu kinachokwenda mnadani. Mimi si mtu wa kuhurumia kuta. Lakini nilianza kupiga hesabu kichwani ya nani atanunua yale matofali, na kwa mara ya kwanza hesabu hiyo haikunipendeza.

Kisha wifi akajifunga khanga kiunoni, akapanda ngazi.

Alikaa huko kitambo. Tulitoka barabarani, tukamsikia akihoji.

"Fundi, maji yanayoingia humu yanatoka kupitia wapi?"

"Bomba lile kule, mama."

"Na bomba likiziba?"

"Haku..." Akaishia hapo. Mimi na mdogo wangu tuliangaliana. Hatukuwahi kusikia neno hilo likikatika. "Likiziba, yanapanda."

"Yakipanda yanakwenda wapi? Mbele kuna ukuta wangu. Nyuma kuna nini?"

"Nyuma ni bati, mama. Yakizidi hapo yanapita chini ya bati."

"Halafu?"

"Halafu ni kwako."

Kisha kichwa chake kikatokeza juu ya ukuta, kwa nje, sisi tumesimama barabarani tukimtazama. Kofia ya fundi ilikuwa juu ya kilemba chake, sijui alimpokonya saa ngapi.

"Mwalimu! Tulikubaliana nini hasa?"

"Tone likianguka, tunabomoa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya vitambaa!"

"Ahaa. Kwa hiyo unachotaka ni kitambaa kikavu, siyo ukuta uanguke. Ukuta haujakukosea chochote. Sasa sikiliza. Nikiutoboa huu ukuta hapa, chini ya usawa wa bati, gata ikijaa maji yatatoka wapi?"

Mwalimu akafikiri. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Nje," akasema.

"Nje! Juu ya barabara! Watu wote wataona!" Hilo la mwisho alilisema kama anayemeza kidonge. "Nyumba yangu itafungua mdomo iteme mate mbele za watu. Ni aibu. Lakini afadhali iteme nje kuliko kujikojolea kitandani. Nimeamua. Wifi, shahidi wewe, andika kichwani."

"Mambo ya midomo hayatoshi," alisema Mwalimu. "Na hilo turubai lako?"

"Turubai naligeuza mfuko wa kubebea majoho. Gata iwe ya bati moja refu, likunjwe, lisitobolewe hata msumari mmoja kwa chini."

"Na mteremko wa kuelekea kwenye bomba."

"Na mteremko."

"Na mabomba mawili, moja kila upande."

"Nakupa mawili."

"Na pana, mtu aweze kukanyaga ndani akasafisha."

"Na atakayesafisha?"

Mwalimu akaona mtego, akauingia kwa miguu yake yote miwili. "Mimi."

"Umesikia wifi? Kasema mimi!"

Ikabaki midomo. Hapo nikawa nyumbani kabisa, maana palikuwa pazuri pa kupatana bei. Mdogo wangu alitaka matundu manne, kila moja mkono wa mtu mzima upite. Mkewe kule juu akatoa tundu moja, la ukubwa wa kifungo cha koti.

"Kifungo! Hiyo ni nyumba au shati?"

"Mkono! Hii ni nyumba au zizi?"

"Basi matatu."

"Moja na nusu."

"Nusu tundu ni nini, mke wangu?"

Watu walikuwa wameshajaa barabarani. Muuza maji wa mkokoteni akasema matatu ni haki, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kwa uso mzuri kama ule hata moja ni kosa. Nikaona nisipokata shauri tutalala hapo. Nikatamka: mawili, moja kila upande, yafanane kama macho, mapana kuliko yalivyo marefu ili jani lipite, na yakae chini ya bati bila mjadala. Fundi anifuate nimpe bati refu, ninalo zima lililotoka kwenye ghala lililobomolewa, bei tutaelewana.

"Bei ya ndugu?" aliuliza Mama Pindo.

"Ndugu ndio wanaolipa. Wengine hukopa."

Siku ukuta unatobolewa hakuweza kutazama. Alikaa ndani na joho moja mapajani, anashikiza vifungo, na kila patasi ilipopiga alitoa "aah" ndogo kama anayechomwa sindano kwa daktari. Matundu yalipokwisha alitoka nje, akayaangalia kwa jicho moja, akarudi ndani, akatoka tena. "Chunusi," alisema. "Nimejenga bibi harusi nikampa chunusi mbili." Gata mpya ya bati ilijazwa maji, kitambaa cheupe kikatandikwa tena, na safari hii kilibaki kikavu kama biskuti. Alishukuru, hakucheza. Mwalimu alivaa koti la mvua tena, na hakuna aliyemtania.

Wakahamia. Majoho yakaenea chumba kizima, yamening'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, marefu, meupe, yakiguswa na upepo yanainama yote kwa pamoja, kwaya isiyo na watu.

Mvua ilikuja mchana, mimi nikiwa pale nadai kiti changu nilichowaazima. Haikupiga hodi. Mara moja giza, mara moja kishindo, na bati likaanza kunguruma hata cherehani haikusikika. Mama Pindo aliondoa mguu. Sijawahi kumwona akisimamisha mshono katikati. Alisimama katikati ya majoho, viganja vimeangalia juu, kama anayepima joto la mtoto.

Tukasubiri. Maji yalikimbia juu yetu, tunayasikia yakiingia bomba la kulia, gwa gwa gwa. Bomba la kushoto lilikuwa kimya.

"Hilo limeziba," nilisema.

"Najua."

"Limezibaje? Mwalimu si alisafisha?"

"Jana tu! Wifi, nyamaza, nasikiliza."

Sauti ilibadilika. Ikawa nzito, ya chombo kinachojaa. Alivuta joho lililokuwa karibu na ukuta akalikumbatia. Nami nikajikuta nimeshika mawili, sijui ya nini, mimi ambaye hata nguo zangu huanikwa na wengine.

Kisha nje ikasikika kelele ya watu, kelele ya kushangilia goli. Tukakimbilia dirishani. Nyumba ilikuwa imefungua mdomo wake wa kushoto na kutema, mkuki mzima wa maji, umepinda juu ya ngazi za veranda, umevuka mtaro, umetua katikati ya barabara. Watu waliojikinga upande wa pili walikuwa wanaruka ruka. Mwalimu alikuwa ndio kwanza amefika na gari la mafunzo, mwanafunzi kwenye usukani, na maji yalikuwa yanapiga kioo cha mbele kwa nguvu zote. Mwanafunzi amewasha vipangusa vioo, taa zote, na honi. Mdogo wangu alitoa kichwa dirishani, analowa, anacheka, anatuonyesha ukuta kwa kidole.

"Mama Pindo!" mtu alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Nyumba yako inatapika!"

"Iache itapike!" Alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani, joho la watu amenirushia mimi. "Imekula vibaya! Huku ndani kukavu! Mwambie na mwenzako, kukavu!"

Mvua ilipopungua Mwalimu alipanda na kijiti, akarudi na mpira wa soksi wa watoto wa jirani, umevimba kama boga. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi. Aliuweka mezani, akaanza kutueleza habari ya wavu wa kuwekwa kwenye mdomo wa bomba, unavyotengenezwa, unavyosafishwa, mara ngapi kwa mwezi. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mimi nilikuwa nimepita chini ya kila joho, nimepapasa kila bega, kila mkono, na dari yote juu yake. Pakavu.

Wifi yangu hakuwa na habari na majoho tena. Alikuwa bado dirishani, anatazama matone ya mwisho yakidondoka kutoka ule mdomo kwenda barabarani, na uso wake ulikuwa na ile dalili ninayoifahamu.

"Wifi," alisema, hajageuka. "Maji yote yale yamekwenda bure."

"Ndiyo."

"Kule kwenye vitu vyako, huna tenki?"

"Ninalo. Kubwa. Limetoka hotelini."

"Lina kutu?"

"Kidogo, kwa chini."

"Basi si bei ya tenki, ni bei ya kutu."

"Kutu ni bure. Tenki ndilo lina bei."

Akavuta kiti changu nilichokuja kukidai, akanikalisha, akakaa mbele yangu magoti kwa magoti. "Haya," alisema. "Anza wewe. Lakini anza chini, wifi, nina mvua inayokuja."